Kutoka Gitaa hadi Singeli: Mwongozo wa Shabiki wa Metali wa Msasani

Katikati ya mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walikwenda Kampala kurekodi. Walikuwa wametokea kwenye bendi za metali za jijini kwao, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, na kundi lao jipya walilipa jina Duma. Agosti 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu yao ya kwanza. Yeyote aliyewahi kuonja deth metali ataitambua mara moja sauti ya kooni ya Khanja. Atakachokikosa ni mpiga drumu. Mapigo yametungwa kwenye kompyuta: yanakimbia kwa kasi ambayo mguu wa mtu hauifikii, yanakatika ghafla, yanarudi yakiwa yamesagika, na gitaa limechakazwa mpaka mtu anajiuliza kama kweli ni gitaa.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Msasani aliyekulia kwenye Metallica, Slayer na Sepultura, ambaye sasa masikio yake yanadai kitu kingine. Tatizo lake linajulikana. Kila akijaribu muziki wa kielektroniki anakutana na ile midundo laini inayopigwa jioni kwenye baa za ufukweni, anarudi zake kwenye magitaa. Akiomba ushauri anaambiwa aanzie Berlin au Detroit. Si ushauri mbaya, lakini kwa mtu wa Dar es Salaam ni sawa na kwenda Mwenge kwa kupitia Mbagala. Muziki mkali zaidi wa kielektroniki uliotoka Afrika katika miaka kumi iliyopita, sehemu yake kubwa imetengenezwa Mburahati, kilomita chache tu kutoka Msasani.

Habari njema ni kwamba mtu wa metali haingii mikono mitupu. Kasi haimtishi, na mkwaruzo hana haja ya kuelezwa. Anajua pia kwamba sauti ya mwimbaji inaweza kuwa ala kama ala nyingine hata pale maneno yasiposikika. Anachotakiwa kukiweka pembeni ni tabia moja, nayo ni kusubiri rifu. Kwenye nyimbo za Slayer sikio hushika gitaa na vingine vyote hulifuata. Kwenye Duma hapashikiki hapo. Afadhali kufuata jinsi mlio wenyewe unavyobadilika: unavyozidi kuchafuka, unavyosinyaa, na ni lini kitu kimeondolewa bila taarifa. Chukua wimbo wao wa "Lionsblood", usikilize mara ya kwanza ukifuata ngoma peke yake, kisha urudie ukifuata kile kinachovuma chini ya ngoma. Usikilizaji wa pili utakufunza zaidi ya maelezo yoyote.

Ukishaizoea, mfuate Khanja alikokwenda. Kwa jina la Lord Spikeheart ameshiriki kwenye "Tewari" (2021), albamu ya Mjapani Scotch Rolex aliyoitengeneza pamoja na wasanii wa Kampala, na kwenye "Yallah Beibe" (2023) ya rapa MC Yallah, anakonguruma katika wimbo "No One Seems to Bother". Mwaka 2024 alitoa "The Adept" kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu, akaitoa kwa heshima ya bibi yake mkuu Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyekuwa na cheo cha Fildi Mashali na aliyefariki 2023. Wengine huishi miaka mingi kwenye metali wakiimba juu ya vita vya kubuni. Huyu ana vya ukoo wake.

Kwa yule ambaye hawezi kabisa kuishi bila ngoma za kupigwa kwa mikono ya watu, mlango rahisi ni Nihiloxica. Ni kundi la Kampala ambamo wapigaji wa ngoma za Kiganda wanakutana na drumu na sintesaiza za Waingereza wawili. "Kaloli" (2020) ina uzito ambao shabiki wa metali hatahitaji kubembelezwa ili aupende. "Source of Denial" (2023) ni kali zaidi, na hasira yake inajulikana ilikotoka: usumbufu wa viza na uhamiaji wanaokutana nao wanamuziki wa Kiafrika wanapotaka kwenda kupiga Ulaya.

Kuna wanaoamini kwamba metali na muziki wa majaribio ni dini mbili. Historia inasema ni ukoo mmoja. Chukua Napalm Death wa Birmingham. Kwenye upande wa kwanza wa "Scum" (1987) gitaa linapigwa na kijana aitwaye Justin Broadrick. Miaka miwili baadaye bendi yake ya Godflesh ilitoa "Streetcleaner", albamu nzito ambayo sehemu ya mpiga drumu imeshikwa na mashine. Kisha Broadrick akaungana na Kevin Martin katika Techno Animal, ambako magitaa yaliondoka kabisa ikabaki besi na moshi. Na Martin, ambaye wengi wanamjua kama The Bug, mwaka 2024 alitoa albamu "Disconnect" pamoja na KMRU wa Nairobi. Kutoka "Scum" hadi Nairobi ni kupeana mikono mara mbili tu.

Njia nyingine inapita kwa Sunn O))), wale Wamarekani wa majoho na sauti ndefu zisizokwisha. Stephen O'Malley wa kundi hilo alianzisha KTL pamoja na Peter Rehberg, aliyekuwa mwenye lebo ya Editions Mego. Ni Editions Mego hiyohiyo iliyotoa "Peel" ya KMRU mwaka 2020, mwaka mmoja kabla Rehberg hajafariki. Huyo KMRU tutamrudia, maana anahitaji utulivu.

Sasa nyumbani.

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, ambao wengine huuita mnanda. Vijana wa pembezoni mwa Dar walichukua midundo ya ngoma za Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, wakakipitisha kwenye amplifaya chakavu na vipaza sauti vya honi mpaka mlio ukapasuka. Jagwa Music ndio waliovuka mipaka. Albamu yao "Bongo Hotheads" ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Ni pa kuanzia pazuri kwa mtu wa gitaa, kwa sababu mkwaruzo wa mchiriku haukutoka kwenye kidude cha bei mbaya kilichonunuliwa kwa kazi hiyo. Ulitoka kwenye spika iliyozidiwa. Na ndivyo ulivyoanza mkwaruzo wa gitaa la umeme huko Marekani katika miaka ya 1950, amplifaya zilipolazimishwa au zilipoharibika na wapigaji wakaona kumbe ni mtamu.

Singeli ilifuata katika miaka ya 2000, kwenye sherehe za mitaa ya Manzese, Tandale na kwingineko. Madijei walichukua vipande vya taarabu ya kisasa, wakavizungusha, wakavikimbiza, na MC akapanda juu yake na maneno. Msaga Sumu akaitwa mfalme. Mwaka 2016 "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo ikaufikisha muziki huo kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga kigodoro, ile sherehe ya mtaani. Kasi nayo ikawa inapanda tu, hadi leo singeli nyingi ziko kati ya midundo 200 na 300 kwa dakika.

Midundo 240 kwa dakika ni minne kila sekunde. Shabiki wa deth metali anaijua kasi hiyo, na anaijua pia siri yake: mwili haufuati kila pigo. Kichwa hutikiswa kwa nusu au robo ya kasi, mapigo mengine hupita juu. Singeli nayo iko hivyo. Kiuno kinakwenda kwa 120, miguu inachezea vipigo vidogo vya katikati. Anayesimama pembeni akijaribu kuhesabu vyote atachoka kabla MC hajamaliza kutaja majina ya washikaji zake.

Inafaa kuisikiliza biti ya Mburahati kwa karibu, pengine ukiwa peke yako na hedifoni. Chini kabisa kuna besi inayogonga bila kupumua. Juu yake kipande cha kinanda cha sekunde mbili tatu kinazunguka, na kwa vile kimekimbizwa, sauti yake imepanda na kuwa nyembamba. Kinaingia king'ora, kicheko cha mtu, sauti ya mtoto, honi. Halafu besi inaondolewa. Kinabaki kile kipande peke yake, kimekatwa kuwa vipande vidogo zaidi, vinagongana, msikilizaji ananing'inia, besi inarudi. Mtu wa metali anaufahamu mtego huo vizuri, maana ndio uleule wa bendi kunyamaza sekunde moja kabla rifu nzito haijashuka. Jukwaani kazi yote hiyo hufanyika kwenye laptopu ya kawaida yenye Virtual DJ, vidole vikigonga kibodi kwa kasi ya mtu anayeandika barua ya ugomvi.

Studio iliyoupeleka mlio huu duniani ni Sisso, ya Mburahati. Mkusanyiko wake "Sounds of Sisso" ulitolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017. Zilizofuata ni nyingi: "Poaa" ya Bamba Pana (2018), "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Mateso" ya Sisso mwenyewe (zote 2019), "Mr Mixondo" ya DJ Travella (2022), kisha "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko (2024). Kwa sikio la metali, "Mateso" ndiyo ya kwanza. Ni kavu, haina huruma, na haijaribu kumfurahisha mtu. "Mr Mixondo" ina utundu zaidi, nayo inamfaa aliyekwisha kuzoea. "Singeli Ya Maajabu" iache mpaka mwisho, kwani vinanda vya Maiko vinahitaji sikio ambalo tayari limejifunza kutulia ndani ya kasi.

Lipo jambo la kusema wazi. Msasani ni mahali pawili katika jina moja. Kuna mageti na kuta zinazoelekea Masaki, na kuna uswahilini kwa wavuvi na Bonde la Mpunga, ambako spika za harusi husikika mpaka kwa wenye mageti. Wapo wanaofunga madirisha Jumamosi usiku wakisema singeli ni muziki wa kihuni, kisha mwaka unaofuata wanaisifu kwa sababu wameiona kwenye tamasha la Berlin. Shabiki wa metali hana sababu ya kuwa mmoja wao. Muziki wake nao uliitwa wa kihuni, na wa shetani juu yake.

Tena msikilizaji wa hapa ana faida ambayo Mjerumani hana: anaelewa maneno. Huko nje singeli hujadiliwa kama kasi na kelele, na albamu nyingi zinazotoka kwa ajili ya huko zina biti tupu. Mtaani singeli ni mazungumzo. Ni shemeji, ni kodi ya nyumba, ni mwanaume asiyeacha hela ya matumizi, ni vijembe vilivyorithiwa kutoka taarabu. Kwa hiyo sikiliza pande zote mbili, albamu za Sisso kwa ajili ya mlio na nyimbo za Msaga Sumu au Dulla Makabila kwa ajili ya ulimi.

Kwenda kuusikia mahali ulipo si kazi ngumu, ila ina adabu zake. Kutoka Msasani mtu hufika kituo cha Morocco, akapanda mwendokasi hadi Magomeni, na kutoka hapo bodaboda inatosha. Studio ni kazini kwa watu. Haiendwi kwa kushtukiza na kamera mkononi. Kwenye kigodoro nenda na mwenyeji, mtu anayejulikana mtaa huo. Uliza kabla ya kurekodi, kwa sababu wanaocheza hawakuja kuwa filamu yako. Simu ya gharama ibaki nyumbani. Ujue pia kwamba serikali imekuwa ikivipiga vita vigodoro, hivyo sherehe inaweza kukatishwa na polisi katikati ya utamu, na hapo huna la kufanya isipokuwa kutafuta bodaboda.

Masikio ndiyo mtaji wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli tatu, muda salama unapungua kwa nusu. Ukiwa mbele ya spika zinazofikia desibeli 100, muda huo unakuwa wa dakika, si wa saa. Vizibo vya masikio vya povu huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini kwa bei ya soda mbili tatu. Kuvivaa si uoga. Wapiga drumu wa metali wenyewe huvaa.

Nyumbani, adui mkubwa ni spika ya simu. Haiwezi kutoa besi, na muziki huu ukiondolewa besi unabaki mluzi. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha kuanzia. Karibu albamu zote zilizotajwa hapa ziko Bandcamp, ambako mtu anaweza kusikiliza kabla ya kununua. Usikilizaji huo unakula takriban megabaiti moja kwa dakika, yaani albamu ya dakika 40 ni kama megabaiti 40 za bando. Kulipia kunawezekana kwa kadi ya benki ya Visa au kadi pepe ya kwenye simu. Ukinunua, pakua ukiwa kwenye waifai, maana faili zenye ubora kamili hufika mamia ya megabaiti.

Tumrudie KMRU. Jina lake ni Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki 2018. Hana ngoma, hana rifu, hana haraka. "Peel" inachukua zaidi ya saa moja, na ndani yake sauti zilizorekodiwa mitaani na maporini zimetandazwa mpaka asili yake imefutika. Aliyetoka kwenye Sunn O))) atapita kirahisi, aliyetoka kwenye Slayer atapata tabu wiki za mwanzo. Isikilizwe usiku, sauti ikiwa chini, bila kushika simu. Isipokuingia, iache miezi mitatu urudi. Kulazimisha hakusaidii.

Na njia ya haraka ya kumwelewa ni kufanya anachofanya. Nenda ufukweni Msasani asubuhi, boti za wavuvi zinaporudi, urekodi kwa simu sekunde kumi za injini. Fungua rekodi hiyo kwenye Audacity, programu ya bure, chagua kitendo kinachoitwa Paulstretch na uivute mara kumi. Ule mlio wa injini unageuka ukuta wa sauti unaopumua, wenye noti ambazo hukujua zilikuwemo. Ongeza gitaa lako juu yake, noti moja tu, uiache ife yenyewe. Hapo tayari umeshavuka, hata kama hujui kupiga kinanda.

Kwa kukutana na watu, Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyopo tangu 2008, iko jirani na huwa na maonyesho ya muziki usio wa kawaida. Alliance Française na Goethe-Institut nao hufanya matamasha mara kwa mara. Mwenye nafasi na nauli aangalie eneo la Jinja, Uganda, ambako tamasha la Nyege Nyege limefanyika tangu 2015, licha ya vitisho vya kulifuta kutoka kwa wanasiasa mwaka 2018 na tena 2022. Mtanzania hahitaji viza, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiisahau mezani.

Na anayetaka kutengeneza biti zake mwenyewe aanze na FL Studio, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye studio za mtaani. Weka kasi 220, kick kwenye kila pigo, kipande kifupi cha taarabu au cha rifu yako mwenyewe kikizunguka juu, kisha upitishe vyote kwenye kifaa cha ndani kinachoitwa Fruity Blood Overdrive na uzidishe mpaka jirani agonge ukuta. Toleo la majaribio ni la bure na linaruhusu kuhifadhi kazi, ila halikuruhusu kuifungua tena hadi ulipie. Kwa hiyo kabla ya kuzima laptopu toa kwanza faili la sauti, na kama umeme wa mtaani kwenu ni wa kubahatisha, litoe kila baada ya robo saa.